Bolti ya Mama Mkwe

Kila mtu na hofu yake. Hofu ya Sadrack ilikuwa na jina, ilikuwa na sauti, tena ilikuwa na gari: Mama Laurentine Mushiya, mama mzazi wa mchumba wake Falonne. Msimcheke bado. Kwa Waluba wa Kasai, hata hawa wetu ambao babu zao waliletwa Kolwezi kufanya kazi ya shaba wakazalia hapa hapa, mkwe hamzoei mama mkwe. Hamshiki mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni, na akimwona anakuja njiani ataingia hata kwenye duka la majeneza ili wasikutane. Si chuki, ni heshima. Sadrack alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha heshima hiyo kwa mwiko wa bukari, ugali wa kwetu.

Kwa hiyo fikiria mwenyewe: Ijumaa saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya kupeleka mahari, Falonne anampigia simu huko gereji.

"Sadrack, kuya mbio. Gari ya mama, mataa imekufa."

"Nitamutuma Tata Ntambwe," Sadrack akajibu. Ntambwe ndiye mwenye gereji.

"Eko ku matanga, Musonoi. We mwenyewe uliniambia jana."

"Basi Samy."

"Samy!" Falonne akacheka bila furaha. "We umesahau mama na Samy?"

Hakusahau. Nani pale mtaani Manika angesahau? Miezi miwili mizima Mama Laurentine alikuwa akimtangaza Samy sokoni, kati ya mafungu ya samaki na mabeseni ya unga: eti fundi gani yule, umempa gari atengeneze taa, ukija kulichukua anaruka ukuta na kukimbia kama mwizi wa kuku! Na tangu siku hiyo taa zinakonyeza ovyo. Samy aliyasikia yote. Alihama kwa Ntambwe, akafungua kibanda chake karibu na kanisa, akaapa hatagusa tena gari la mama yule mpaka asafishiwe jina lake, na iwe pale pale sokoni lilipochafuliwa.

"Falonne, mi siwezi. Mama eko pale."

"Sasa atakuwa wapi? Gari ni yake! Sikiliza muzuri. Polisi ya roulage bamemusimamisha asubuhi, bakamwambia awashe. Ya kushoto ikawaka manjano, ya kuume hapana kabisa. Bamesema bila mataa hatoki mu muji. Na baba mukubwa tunamungoja leo."

Hapo Sadrack alikaa chini, juu ya tairi. Baba mkubwa ni Tata Tshilombo wa Likasi, kaka wa marehemu baba yake Falonne, na ndiye mpokeaji wa mahari. Katika jamaa yao mpokeaji lazima alale nyumba ya binti usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asipolala, hakuna mkono utakaogusa kitu. Mzee alikuwa na nyonga mbovu, hawezi kukunjwa katika basi, ni lile gari tu la Mama Laurentine lenye viti vya kulaza lililomfaa. Tena Jumatatu alikuwa anaingia hospitali kwa ajili ya nyonga hiyo, na atatoka lini, Mungu ajua. Kwenda Likasi mchana, roulage wakifumba macho, sawa. Kurudi ni giza, katika vumbi la malori ya shaba yanayofuatana bila mwisho. Bila taa, hakuna mzee. Bila mzee, hakuna mahari. Na Sadrack alikuwa amemngoja Falonne miaka mitatu.

"Nakuya," akasema. "Lakini uinue kapo ya injini kabla nifike. Na umwambie mama akae ndani, ku usukani."

"Ju ya nini?"

"Kapo ikiwa juu, hatutaonana."

Falonne akasema, "We kweli ni muntu ya Kasai," na sauti yake ilikuwa na tabasamu.

Sadrack aliingia uwanja ule kinyumenyume. Naam, mgongo mbele, sanduku la vyombo mkononi, akipapasa njia kwa kisigino, na mbuzi wa jirani akampisha. Alipogusa bampa ya mbele kwa makalio akageuka, na kweli kapo, kile kifuniko cha injini, ilikuwa imesimama wima, pana, yenye kutu, ikiwatenga yeye na kioo cha mbele. Asante Yesu. Gari lilikuwa la zamani, limevuka bahari likiwa tayari limechoka, limechapwa na vumbi jekundu la Kolwezi miaka kumi na mmoja, na nyuma limeandikwa kwa rangi ya bluu: TUTAFIKA TU.

"Falonne!" sauti ikatoka ndani ya gari, na ndege wakaruka kwenye mparachichi. "Mwambie uyo mukwe wangu: karibu."

"Sadrack, mama anasema karibu."

"Umwambie mama: asante, na moyo wenu wote."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia! Mi si kiziwi. Lakini endelea, mutoto, njo vile inafaa."

Na kazi ikaanza hivyo. Sadrack anamwambia Falonne amwambie mama awashe taa ndogo. Falonne anamwambia mama, ambaye yuko hatua mbili tu. Mama anawasha. Sadrack anaangalia. Taa ndogo zikawaka kwa uvivu. Taa kubwa: kushoto manjano, kulia giza. Akabadilisha balbu ya kulia, akaweka mpya, giza lile lile. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akazipima moja moja; zote nzima. Akachukua taa yake ya kupimia, ile yenye ncha ya sindano, akachoma waya unaokuja kwenye balbu, huku mguu wa pili wa ile taa ameubana kwenye betri. Ikawaka vizuri. Umeme ulikuwa unafika.

"Mwambie mama apige honi."

Honi ikalia, na taa ya kushoto ikafifia mpaka ikabaki uzi mwekundu tu. Sadrack akainua kichwa. Hiyo sasa ilikuwa habari.

"Mwambie awashe ya kukata kona, ya kushoto."

Taa ya kona ikaanza kukonyeza, na ile kubwa ikakonyeza nayo, pamoja, hatua kwa hatua.

"Eh, mataa inacheza!" Falonne akasema.

"Haichezi. Inatafuta njia ya kurudia." Sadrack akasahau hofu yake, maana mtu akipenda kazi yake huwa hivyo. "Umeme inatoka ku betri, inafika ku taa, inafanya kazi, halafu inapaswa kurudi ku betri. Inarudi kupitia chuma ya gari. Ile njia tunaiita masi. Masi ikiwa mubaya, umeme inafika lakini haina kwa kutokea, njo inaingia mu njia za batu bengine. Ku honi, ku taa ya kona, popote."

"Kama mugeni mwenye kukosa nauli ya kurudi kwabo," mama akasema kutoka ndani, na kabla hajakumbuka mila Sadrack akacheka kwa sauti.

Akachukua waya mrefu, akaufunga upande mmoja kwenye betri, kwenye hasi, upande wa pili akaugusisha nyuma ya taa ya kulia. Pwaa! Taa ikawaka nyeupe, ikapiga ukuta wa jirani na kuuonyesha hadi nyufa zake. Falonne akapiga makofi. Mama akapiga honi mara tatu bila kuambiwa.

Sasa ilibaki kuitafuta masi yenyewe. Sadrack akainama nyuma ya taa ya kushoto, akapangusa vumbi na matope makavu ya masika, akaiona bolti inayobana masi ya taa zote mbili. Ilikuwa imelegea hata inazunguka kwa kidole. Kichwa cha waya wa shaba kilichobanwa pale kilikuwa kimeota kutu ya kijani, kijani kile kile ambacho vijana wa machimbo ya Mashamba wanakichimba ardhini wakikiona wanaimba. Ndani ya gari si cha kuimbiwa. Akaifungua bolti, akaitoa, na kitu kidogo cha bati kikamdondokea kiganjani.

Kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda, kimepondwa kwa nyundo kikawa bapa, kimetobolewa katikati kwa msumari.

Jamani. Kolwezi nzima kuna fundi mmoja tu anayetengeneza washa za bolti kwa vifuniko vya soda, na fundi huyo alikuwa amekishika mkononi akikitazama.

Moyo wake ulishuka mpaka kwenye kandambili. Yalimrudia yote. Miezi miwili iliyopita, wiki moja baada ya watu wake kwenda kubisha hodi kwa kina Falonne, gari hili lililetwa kwa Ntambwe likiwa na taa ya kushoto iliyovunjwa na jiwe. Ni yeye aliyeibadilisha, si Samy. Alikuwa ameingiza bolti kwa vidole, anyooshe mkono tu achukue kle, yaani spana, aikaze, mara akasikia ile sauti getini. Mama alikuwa aje saa kumi, kaja saa sita! Sadrack hakuwaza mara mbili, aliruka ukuta. Mama aliona buti za njano tu zikipotelea upande wa pili, na Samy ndiye aliyejulikana kwa buti za njano, ingawa nusu ya mji inazivaa. Habari za sokoni zilipomfikia, Sadrack alinyamaza. Alijiambia ni maneno ya sokoni, yatapoa. Alijiambia gari zee halikosi matatizo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

"Amepata?" mama akauliza.

"Amepata, mama," Falonne akasema. "Bolti ilikuwa haikukazwa."

"Ah! Si nilisema? Ni ule Samy!" Sauti ilipanda. "Muntu anaanza kazi, haimalize, anakimbia. Ule hata kuku siwezi kumupa achunge, sembuse mutoto ya muntu. Namushukuru Mungu, Falonne, we unaolewa na mwenye kumaliza kazi."

Sadrack akakwangua kutu kwa msasa mpaka shaba ikarudi nyekundu. Alikwangua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akarudisha bolti, akachukua kle ya kumi, akakaza mpaka mkono ukauma. Akapaka grisi. Akaomba taa ziwashwe, akageukia ukuta wa jirani, na ule mwanga wa taa mbili ukapiga mgongo wake, kivuli chake kikasimama ukutani mbele yake. Honi ikapigwa, hazikufifia. Taa ya kona ikawashwa, hazikukonyeza. Kazi ilikuwa imekwisha, na angeweza kufunga mdomo pamoja na sanduku lake.

"Falonne," akasema polepole, bado ametazama ukuta. "Umwambie mama: si Samy."

Falonne akamtazama, akatazama kile kifuniko mkononi mwake, na akaelewa. Alivijua vifuniko hivyo. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Nyamaza," akanong'ona. "Kesho njo siku yetu. Nyamaza, Sadrack, nakuomba."

"Umwambie."

"Simwambii!"

"Munasema nini uko?" mama akauliza.

Sadrack akaona kwamba msemaji wake amekataa kusema, na mila haikumwachia mtu mwingine. Akavuta pumzi.

"Mama, ni mi."

Ndilo neno lake la kwanza kwa mama mkwe, bila mtu katikati. "Ule wa kuruka ukuta, ni mi. Buti ilikuwa yangu. Samy hakugusa hii gari. Mi niliacha bolti ya mama bila kukaza, na nikaacha batu bamutukane mwenzangu miezi mbili."

Mlango wa gari ukafunguka. Vikasikika viatu vya mama, taratibu, vikizunguka bampa. Mbele ya Sadrack ulikuwa ukuta, si mrefu, na miguu yake iliujua wimbo huo. Ilikuwa tayari inajikunja yenyewe. Akaizuia. Akabaki kumpa mgongo mama mkwe wake, kle mkononi, jasho likimtiririka.

"Ulikimbia ju ya nini?" Sauti ilikuwa nyuma yake kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ilikuwa ndogo.

"Ju ya heshima, mama."

"Heshima." Mama akalirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Heshima imeniachia gari ya kukonyeza batu barabarani. Roulage bananicheka. Na mi nikamuchafua mutoto ya batu."

Halafu akaguna. Guno likawa kikohozi, kikohozi kikawa kicheko, na kicheko cha Mama Laurentine, wenye kukijua wanajua, kikianza hakina breki. Akashika kapo asianguke.

"Baba yake Falonne," akasema akifuta macho, "alimuona mama yangu ku njia, akakimbilia mu choo ya jirani. Mama akasimama pale pale kuongea na mwenye nyumba. Akatoka jioni! Lakini yeye, kazi yake alikuwa anamaliza." Akaacha kucheka ghafla. "Mi sina jibu yako, mukwe. Mwenye kujibu ni yaya Tshilombo, baba mukubwa. Utaenda na sisi Likasi, utamwambia we mwenyewe. Akisema hapana, ni hapana. Falonne, chukua kitenge yangu."

Hivi ndivyo Sadrack alivyosafiri na mama mkwe wake, jambo ambalo bibi yake asingeamini: kiti cha mwisho kabisa, amegeukia kioo cha nyuma, kitenge kimetundikwa kati yao kama pazia, na kle ya kumi mapajani. Kabla ya kutoka mjini gari likasimama mbele ya kibanda cha Samy. Mama hakushuka. Alipiga honi mpaka wanakwaya wakatoka kanisani, akatoa kichwa dirishani na kusema kwa sauti ile ile aliyomtukania:

"Samy! Nilikosa! We si mwizi ya kuku, we ni fundi! Batu bote basikie! Na Jumatatu nitayarudilia ku soko!"

Samy alibaki na koleo mkononi, mdomo wazi. Gari lilipopita aliona, katika kioo cha nyuma, sura ya Sadrack. Sadrack akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Samy akamtikisia ngumi, kisha akaanza kucheka.

Tata Tshilombo alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Walimlaza kwenye viti vya kati saa kumi jioni, na Sadrack, akitazama nje ya kioo cha nyuma, akamweleza yote bila kuruka hata kifuniko cha soda. Jua likashuka, malori ya shaba yakawa yanakuja moja baada ya jingine, na vumbi likafunga njia. Mama akawasha taa. Kwa saa mbili mzee aliziangalia zile taa zikipasua vumbi mbele, na kila shimo lilipolirusha gari, Sadrack alifumba macho na kukaza kle mkononi kana kwamba bolti iko ndani yake. Hazikukonyeza hata mara moja.

"Kesho tutaona," mzee akasema walipoingia Manika, na hilo ndilo neno pekee alilompa alale nalo.

Hakulala, bila shaka. Jumamosi uwanja ulijaa, pande mbili zimekaa zikitazamana, Mama Laurentine yuko ndani nyuma ya pazia la dirisha kama inavyofaa. Msemaji akasoma orodha: vitenge vya mama, suti ya baba mkubwa, mbuzi wa mama, sufuria kubwa. Kila kitu kikaletwa na kupokewa kwa makofi. Kisha mzee akanyoosha mkono, akaomba ile karatasi, na kwa kalamu akaongeza mstari chini. Msemaji akakunja uso, akasoma:

"Kle ya kumi. Na mukwe akaze bolti, mbele ya batu."

Minong'ono ikavuma. Gari lilikuwa pale pale kando ya ukuta, kapo tayari imeinuliwa, na nani aliyeiinua kama si Falonne. Sadrack akatoa kle mfukoni. Watu wakasimama juu ya viti waone. Akainama, akaweka kle, akavuta. Bolti haikusogea hata unywele. Ilikuwa imekazwa vya kutosha tangu jana. Akavuta tena kwa ajili ya mzee, akaweka kle chini, akasimama wima.

"Umemaliza?" Tata Tshilombo akauliza.

"Nimemaliza, tata."

Mzee akageukia watu wake. "Muntu ya kusema kosa yake kabla ya kuulizwa, huyo hata akikimbia, atarudi. Mumupe mutoto."

Vigelegele vikapasuka, Falonne akalia na kucheka kwa pamoja. Na kutoka nyuma ya pazia la dirisha ikatoka ile sauti, kubwa kama kawaida yake:

"Falonne! Mwambie mutoto yangu: ameshamaliza kazi, sasa anaweza kukimbia!"

Sadrack alilisikia vizuri lile "mutoto yangu". Na kwa kuwa pazia la mlango lilikuwa linaanza kufunguka na mama anatoka, akavua viatu vyake vipya, akavishika mkononi, akaruka ukuta.